Familia ninayokaa nayo Norwei wanataka twende mlimani Pasaka nzima, maji hakuna na choo kiko nje. Niende au nikatae?

Binti wa Amani
Habari zenu wadau, shikamooni wakubwa. Mi huwa nasoma tu humu sichangii ila leo imebidi. Niko Norwei tangu mwezi wa 8 kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nasoma sekondari, nakaa na familia moja baba, mama, binti yao wa miaka 16 na mdogo wake wa kiume wa 12. Mimi nimetimiza 18 mwezi wa 11. Kwetu ni Amani kule Muheza kwa wanaopajua.

Tatizo langu ni likizo. Hawa watu hawakai nyumbani, shule ikifungwa tu wanapakia gari. Mwezi wa 10 shule zinafungwa wiki moja, zamani watoto walikuwa wanaachiwa wakavune viazi mpaka leo wazee wanaiita likizo ya viazi, basi tukaenda kwenye hytte yao, yaani kinyumba cha mbao huko porini, huku ukikosa chako basi una cha shangazi au cha babu. Mi nimejipanga nimependeza najua tunaenda kutembea, kufika tu hata begi sijashusha baba akanipa glavu na shoka akasema haya tupasue kuni. Mama naye akanipa ndoo nikachote maji. Nikapasua, nikachota, usiku nikajifunika blanketi nikalia kimya kimya nikasema ndo tayari nishakuwa dada wa kazi Ulaya na nyumbani wanajua niko masomoni. Mama yangu nilipomwambia kwenye simu alinyamaza kidogo akaniuliza "lakini wanakulisha?"

Sasa Pasaka ndo hiyo inakuja, wanataka siku 9 kwenye hytte nyingine ya babu yao, juu kabisa mlimani. Maji hakuna, umeme ni kasola ka taa tu, choo nje, na gari linaishia barabarani halafu mnaenda kilomita 4 kwa skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, mnavuta mizigo kwenye sleji. Skii nimevaa mara 3 na zote 3 nimekula mweleka, mara ya mwisho mbele ya watoto wa chekechea wakanipita wanaimba.

Nikikataa nitakuwa nimewakosea? Na gharama za hizi safari ni za nani maana posho yangu ni ndogo na bei za huku hazitazamiki. Halafu mwezi wa 6 kabla sijarudi wanasema tutaenda Svalbard, vile visiwa vya kule karibu na ncha ya dunia, sijui makaratasi yangu yanaruhusu. Naomba waliopitia haya wanipe mwanga.

Chuma Ulete
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi mingapi huko? Shukuru ni shoka 😂😂

Fundi Brunost
@Chuma Ulete acha utani mtoto wa watu yuko na shida.

Pole mdogo wangu, na usilie tena. Mimi nilikuwa huko 2017 mpaka 2018, sasa hivi niko Arusha na shughuli zangu, na hicho kilio chako nimekilia mimi vilevile ila mimi nilipewa koleo la theluji. Kuna kitu kilinichukua miezi 6 kukielewa. Kwetu mgeni tunamheshimu kwa kumkalisha. Kule ukiona wanakukalisha tu na kukuletea chai jua bado hawajakuzoea, siku wakikupa shoka ndo wameshakuhesabu kwenye sufuria. Hebu niambie siku ile ya kuni binti yao alikuwa anafanya nini, na yule wa 12? Maana kipimo cha dada wa kazi ni hicho tu, wewe unafanya huku wenyewe wamekaa. Kama kila mtu alikuwa na kazi yake basi hiyo ni msaragambo, kazi ya pamoja ya wote, na wewe mtu wa Muheza msaragambo huhitaji kuelezwa, wao wanaita dugnad, shuleni wanayo, mtaani wanayo, timu ya mpira ya watoto wanayo na wazazi wanaoka keki za kuuza. Ila kama nyumbani siku za kawaida unaachiwa vyombo peke yako na mtoto wa kulea kila jioni, hapo usinyamaze, piga simu kwa yule mtu wa shirika aliyepewa jukumu lako, ndo kazi yake.

Haya Pasaka sasa. Mimi yangu ya 2018 iliangukia tarehe 1 mwezi wa 4, na usije ukadhani mwezi wa 4 ni joto. Tulipanda treni Oslo ile inayokwenda Bergen, reli imefunguliwa tangu 1909, tukashuka Finse ambako stesheni iko mita 1,222 juu ya bahari na barabara ya gari haifiki, watu wanashuka na mbwa na mabegi na skii wanapotelea kwenye weupe. Lushoto iko juu kuliko hapo na kuna mapeasi, Finse hakuna hata mti mmoja wa kujifichia haja ndogo, nakwambia.

Choo usikiogope. Ndani utakuta kiti kimetengenezwa kwa ile foamu nyeupe inayokuja kwenye boksi la TV, haishiki baridi, ukikalia inapata joto pale pale kama kuna mtu katoka sasa hivi. Kwenye hytte yetu kiti kilikuwa kinatundikwa ndani karibu na jiko, ukienda unakibeba kwapani, kila mtu anajua safari yako. Na ukutani ile picha ya mfalme na malkia wanakutazama. Sikutunga, vyoo vingi vya mlimani vina picha ya familia ya kifalme, ukiuliza kwanini wanacheka tu.

Maji mnayeyusha theluji. Hapa sikiliza maana mimi niliunguza sufuria ya bibi wa watu: usijaze theluji kwenye sufuria kavu, acha maji kidogo chini kwanza, la sivyo inaungua na maji yananuka moshi mpaka kahawa hainyweki. Na utashangaa, sufuria imejaa pomoni ikishayeyuka unabaki na vikombe viwili. Hapo ndo utajua kwanini haogi mtu.

Kilichonishinda mimi haikuwa baridi, ilikuwa kimya. Jioni watu watano chumba kimoja, kila mtu na kitabu, saa mbili nzima hakuna anayesema kitu. Nikajua nimekosea mahali. Nilijipitia moyoni kila nilichofanya tangu asubuhi. Kumbe hawana hata habari, wanasoma hadithi za mauaji na upelelezi, huo ndo utamaduni wa Pasaka kule, redioni upelelezi, kwenye TV upelelezi, hata pakiti za maziwa wanachapa kakisa ka kumtafuta muuaji, unakunywa chai huku unatafuta nani kamuua mwenye duka. Yesu kafufuka na watu wanauana kila upande. Beba kitabu chako cha Kiswahili, utakishukuru.

Mchana ni machungwa. Kila mtu ana machungwa na ile chokoleti ya Kvikk Lunsj, ipo tangu 1937, mnatafuta ukuta unaopigwa na jua mnatandika ngozi ya swala wa huko mnakaa mnaota jua kama mijusi. Na weusi wako usikudanganye, jua la kwenye theluji linapiga kutoka chini na juu, mimi midomo ilipasuka na pua ikachubuka. Miwani ya jua lazima. Usoni paka mafuta ya mgando, yasiyo na maji ndo mazuri kwenye baridi kali, na kwetu yamejaa tele.

Kuhusu kukataa, unaweza. Ila kataa mapema na kwa maneno ya wazi, usiseme "tutaona" au "Mungu akipenda" kama tunavyofanyaga, wao "tutaona" wanaichukua kama ilivyo na wanakununulia mpaka soksi. Mlimani wana kanuni zao 9, kila mtoto anazijua, na mojawapo inasema geuka mapema, hakuna aibu kurudi. Waambie nitakuja lakini skii zikinishinda naomba nitembee kwa miguu au nivutwe kwenye sleji na mizigo. Watacheka lakini watakuelewa.

Binti wa Amani
Kaka Fundi asante, nimesoma nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka mtu kahama siti (japo huku wanahama hata usipocheka). Nimekumbuka sasa, ni kweli binti yao siku ile alikuwa anapanga kuni ukutani na yule mdogo alikuwa kwenye ngazi anatoa majani kwenye mfereji wa bati. Mama alikuwa anadeki. Mi machozi yangu yalinifanya nisiwaone. Vyombo nyumbani tuna zamu iko kwenye friji imeandikwa, yangu ni Jumanne na Ijumaa.

Krismasi yenyewe ilikuwa nzuri nisiseme uongo. Wao siku kubwa ni tarehe 24 jioni, saa 11 kengele za kanisa zinalia mji mzima ndo Krismasi imeingia, mnakula halafu mnashikana mikono mnazunguka mti mnaimba, na babu mwenye goti bovu yumo. Kwenye uji wa wali wanaficha lozi moja, ukiipata unapewa nguruwe wa peremende za lozi, nikaipata mimi na nikaitafuna kabla sijajua ndo yenyewe, wakabaki wanatazamana nani anayo. Ila kilichoniliza ni mkate wao wa Krismasi wenye zabibu kavu. Mama aliukata nikasikia harufu ya iliki. Iliki jamani. Bibi yangu ana shamba la iliki Amani, nimekua nikizianika. Wanaiweka kwenye maandazi yao yote. Nikatoka nje nikasimama na soksi kwenye theluji.

Mpemba wa Baridi
Mwanangu umenigusa na hiyo iliki. Mie nilikaa kule 2023 kuja 2024 na Pasaka ya mwaka ule ilidondokea ndani ya Ramadhani, nami nimefunga, hytte, theluji mpaka dirishani. Niliwambia mapema wiki tatu kabla, nafunga, sili nguruwe, siku zangu ziko hivi na hivi. Wallahi nilidhani watasema basi baki. Siku ya kwanza nimeamka kula daku gizani nanyatia nisiamshe mtu, mara nasikia mlango, mama wa nyumba huyo na nguo zake za sufu kavaa, kanambia "umesema utakula kabla hakujakucha, sasa utakula nini jiko limezimika?" Akawasha moto akanipikia uji wa shayiri, akakaa na mie mpaka nikamaliza, hakusema neno. Siku zote zilobaki kafanya hivyo hivyo.

Ila nisiposema mwenyewe hawabashiri. Hiyo ndo tofauti kubwa na kwetu. Kwetu mwenyeji anakutazama usoni anajua una njaa. Kule Krismasi upande wa mashariki wanakula mbavu za nguruwe, magharibi wanakula mbavu za kondoo zilizotiwa chumvi zikakaushwa, na wako wanaokula chewa. Nikasema mie chewa, nikapikiwa chewa, basi. Khaa, mbona rahisi, na mie nilikaa siku ngapi nikiumwa tumbo kwa fikra tu.

Kimani wa Mpakani
Hii kitu ya pesa wacha niielezee maana mimi iliniuma. Niko huku sasa, mimi ni Mkenya. Tulienda safari na familia yangu ya kwanza, tukasimama petroli steshoni tukakula hotidogi, nikasema asante sana kwa roho safi. Jioni simu inalia, ni Vipps, hio ni kama M-Pesa yao, naitishwa kroner 45 ya hotidogi. Na yule baba amekaa kiti ya mbele yangu! Nilikasirika wueh, nikapigia mamangu Nyeri nikamwambia hawa watu wana roho ya mawe. Baadaye ndio nikaona venye yeye na ndugu yake wa tumbo moja wanaitishana 20 ya kahawa na hakuna mtu amenuna. Kwao deni ndogo ikilipwa haraka ndio urafiki unabaki msafi. Petroli, nyumba, chakula ya hytte hio usijali ni yao, lakini vitu za njiani na tikiti za kuskii kwa zile lifti uliza kabla. Sema tu "hii nani analipa?" Si matusi huko.

Na Pasaka ujipange na chakula, duka zinafungwa Alhamisi Kuu, Ijumaa, na Jumatatu. Ndio maana ile Alhamisi utaona magari yote yanavuka daraja ya Svinesund kuingia Uswidi, huko duka ziko wazi na nyama na soda ni bei ya chini. Ukienda nao beba pasi na kadi yako ya ukazi. Watu hupita bila kusimamishwa lakini weee, usijaribu bahati yako na hiyo rangi.

Mama Wawili Bergen
Naongezea hapo kwa Kimani maana huyu binti kauliza makaratasi na hakuna aliyemjibu. Mimi ni muuguzi huku miaka mingi. Mdogo wangu, ukiwa na kibali cha kukaa Norwei unaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zenye mpaka wa pamoja, Uswidi, Denmaki, Hispania ambako Wanorwei hupenda kwenda kufuata jua, mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180, ukiwa na pasi na kadi yako vyote viwili mkononi. Uingereza haimo, wakisema twende London wikiendi hiyo ni viza nyingine kabisa na inachukua muda.

Svalbard ndo inawachanganya wengi. Ni ya Norwei lakini iko nje ya Schengen, kwa hiyo ukipanda ndege kwenda Longyearbyen, mji wa huko, unahesabika umetoka na ukirudi unahesabika umeingia upya. Aliye na viza ya kuingia mara moja tu akienda huko amejifungia nje. Wewe kama una kadi ya ukazi itakuruhusu kurudi ila angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa, msije mkaenda mwezi wa 6 na kadi imeisha mwezi wa 5. Na kabla hujasema ndiyo waandikie shirika lako, mengi yanataka wazazi wasaini barua ukitoka bara hata kama umeshatimiza 18. Wenyeji wako kwa nia njema kabisa hawatakumbuka hili maana wao pasi zao zinafungua kila mlango, hawajawahi kuuliza.

Mlimani nenda. Chukua nguo za ndani za sufu siyo pamba, pamba ikilowa jasho inakugandisha. Kama una rasta kubwa jaribu kofia kabla ya safari. Na kama unaweza siku moja wapikie. Mchele, kitunguu, pilipili manga, na hiyo iliki ya bibi yako.

Chuma Ulete
Sasa mtu ayeyushe theluji masaa mawili apate maji ya kupikia pilau? Hapo siyo kupika, ni kutambika

Binti wa Amani
Wadau nimerudi, nilisema nitaleta mrejesho. Nilienda.

Kilomita 4 zilinichukua saa 3. Mlima wa kupanda walinifundisha kupanua miguu kama mfupa wa samaki, wa kushuka nilikaa chini kwa makalio nikateleza hivyo hivyo mpaka bondeni, yule mdogo wa 12 akasema ni njia nzuri naye akafanya, mwisho tukashuka wote hivyo isipokuwa babu. Siku ya 3 tulikuwa tunaenda kilele kimoja, ukungu ukaanza kushuka, baba akasimama akaangalia juu akasema tunageuka. Tulikuwa tumebakiza kidogo sana, kilele tunakiona. Hakuna aliyelalamika. Kaka Fundi nilikukumbuka.

Kiti cha foamu kipo. Mfalme Harald yupo ukutani na Sonja, yaani nilifungua mlango nikasema shikamoo.

Pilau nilipika Jumamosi, ya nyama ya kondoo, maji tuliyeyusha toka asubuhi kila mtu anaingia na ndoo yake. Iliki nilizitwanga na kichwa cha shoka juu ya gogo, kama lile nililolililia mwezi wa 10. Bibi yao akanusa akasema hii ni Krismasi. Nikamwambia hapana bibi hii ni Muheza. Akaniuliza zinaota juu ya mti kama karafuu au chini ardhini, hakuwahi kuwaza zinatoka wapi na kazila miaka 79. Nikamchorea mche wenyewe kwenye pakiti ya maziwa, nyuma ya kile kisa cha muuaji, akaukata na mkasi akaubandika juu ya jiko.

Kimya nacho nimekizoea kidogo. Siku ya 7 niligundua nimekaa saa nzima sijasema kitu na sijajiuliza kama nimekosea.

Svalbard nimewaambia tusubiri, kadi yangu ukweli inaisha tarehe 20 mwezi wa 6, Mama Wawili Mungu akubariki, baba alishika kichwa, tiketi alikuwa anataka kulipia wiki hii na tarehe alizochagua ni 22.

Swali lingine nisiwachoshe. Tarehe 17 mwezi wa 5 ni sikukuu yao ya katiba, ile ya 1814, nimeambiwa nitaandamana na shule. Binti yao ana bunad, yale mavazi ya asili ya sufu yenye vifungo vya fedha, bei yake ukitajiwa unakaa chini. Mimi nivae nini?

Mama Wawili Bergen
Kitenge. Gauni refu, lishonwe vizuri, na sweta ndani maana mwezi wa 5 bado. Usije ukavaa jinzi siku hiyo, utakuwa peke yako.

Fundi Brunost
Na viatu vya kutembea. Usitegemee gwaride la jeshi kama letu la tarehe 9 mwezi wa 12, kule wanaoandamana ni watoto wa shule na bendera ndogo mkononi, halafu aiskrimu na soseji siku nzima. Mimi nilikula soseji 6, za bure zilikuwa 2.

Kimani wa Mpakani
Hizo nne ziliitishwa kwa Vipps? 😂

Fundi Brunost
Jioni ile ile